Kiko (tumbaku)

Kiko (wingi: viko; pia mtemba au toza) ni chombo cha kuvutia moshi wa tumbaku. Kina sehemu yenye tundu ambamo tumbaku hutiwa na kuwashwa, na mrija ambao mvutaji huuweka mdomoni. Viko hutengenezwa kwa udongo, jiwe, kibuyu, kifuu cha nazi, mbao, mizizi ya miti au magunzi ya mahindi.

Katika biashara ya dunia viko vinavyojulikana zaidi ni vya aina mbili. Cha kwanza ni kiko cha gunzi, kinachotokana na gunzi la mahindi. Cha pili ni kiko cha braya, kinachochongwa kutoka fundo la mizizi ya mti mdogo uitwao kitaalamu *Erica arborea*. Wavutaji wamegawanyika kuhusu kipi ni bora, na kila upande una hoja zake za ladha, bei, uzito na mazoea. Afrika Mashariki ina mapokeo yake pia: kiko cha maji cha pwani, pamoja na viko vya mawe vilivyotengenezwa Arusha katika karne ya 20.

Tofauti za viko hubadilisha namna moshi unavyoonja mdomoni na namna chombo kinavyotunzwa. Hazibadilishi madhara ya tumbaku kwa mwili.

## Jina na sehemu zake

Neno "kiko" la makala hii ni nomino ya ngeli ya KI-VI. Lisichanganywe na kitenzi "kiko" chenye maana ya "kipo mahali fulani", kama katika sentensi "kisu kiko mezani".

Kiswahili kina msamiati kamili wa kiko, hasa kiko cha maji. Maneno hayo yameorodheshwa katika kamusi za zamani, ikiwemo ile iliyosimamiwa na Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1939:

* Bori ni sehemu ya juu yenye tundu, ambamo tumbaku huwekwa na kuwashwa. Aghalabu ilifinyangwa kwa udongo.
* Digali ni mrija unaotoka kwenye bori na kuingia ndani ya maji.
* Kifuu ni fuu la nazi linaloshika maji. Mahali pengine hutumika kibuyu.
* Shilamu ni mrija ambao mvutaji huuweka mdomoni.
* Malio ya kiko ni mlio wa maji yanapotokota moshi unapopita.

Kiko kikavu, yaani kisichotumia maji, hakina digali wala kifuu. Kina bori na shilamu tu. Kwa hiyo maneno hayo mawili yanatosha kueleza kiko cha gunzi na kiko cha braya, na ndiyo yanayotumika katika makala hii.

## Historia

Tumbaku asili yake ni Amerika. Aina mbili zilizolimwa sana na wenyeji wa huko ni *Nicotiana tabacum* na *Nicotiana rustica*. Baada ya safari za Wahispania na Wareno kuanzia mwisho wa karne ya 15, mmea huo ulisambaa Ulaya, Asia na Afrika. Katika Afrika Mashariki uliingia kupitia biashara ya Bahari Hindi na ya Wareno, kisha ukaenea bara hadi kwenye maziwa makuu.

Wakazi wa eneo hili walitumia tumbaku kwa njia nyingi, na kiko kilikuwa mojawapo tu. Wengine walinusa ugoro. Wengine waliweka tumbaku mdomoni, na katika miji ya pwani ilikuwa desturi kuitafuna pamoja na tambuu, popoo na chokaa. Sigara za viwandani zilipoenea katika karne ya 20, kiko kilipungua sana mijini na baadaye vijijini. Sigara haihitaji kusafishwa, huuzwa hata moja moja, na humalizika kwa dakika chache.

Ulaya ilianza na viko vya udongo mweupe. Vilikuwa rahisi kutengeneza lakini vilivunjika upesi na kuunguza vidole. Kutafuta malighafi bora ndiko kulikoleta mirishamu, kisha braya, na Marekani kukaleta gunzi.

## Kiko cha gunzi

Gunzi ni kiini cha hindi kinachobaki baada ya punje kupukuchuliwa. Watu wa vijijini nchini Marekani walitengeneza viko vyao wenyewe kwa magunzi kabla ya kuwepo kiwanda chochote. Mwaka 1869 Henry Tibbe, fundi mkereza mhamiaji kutoka Uholanzi, alianza kuvikereza kwa mashine katika mji wa Washington, jimbo la Missouri. Mwaka 1878 alipata hataza ya njia yake ya kuziba matundu ya gunzi kwa plasta. Kwa sababu kiko kilichopakwa plasta kilikuwa chepesi, cheupe na baridi mkononi, alikilinganisha na viko ghali vya mirishamu. Ndiyo asili ya jina la kampuni yake, Missouri Meerschaum, ambayo inaendelea kufanya kazi hadi leo katika mji huohuo.

### Utengenezaji

Gunzi la kawaida halifai. Mbegu nyingi za kisasa zimechaguliwa ili zitoe punje nyingi, na magunzi yake ni membamba na laini. Kiwanda cha Missouri hutumia mbegu maalumu yenye gunzi nene na gumu. Hatua kuu ni hizi:

1. Mahindi huvunwa yakiwa yamekauka, hupukuchuliwa, na magunzi huhifadhiwa kwa takriban miaka miwili ili yakauke kabisa.
2. Magunzi hukatwa vipande na kuchaguliwa kwa unene.
3. Tundu la bori hutobolewa katikati, na upande wa nje hukerezwa.
4. Vijitundu vya nje huzibwa kwa plasta, kisha kiko husuguliwa na kupakwa vanishi.
5. Tundu la pembeni hutobolewa na kuingizwa kipande cha mti, kisha shilamu ya plastiki.

Kiko cha gunzi kilipata umaarufu mkubwa kupitia Jenerali Douglas MacArthur wa Marekani, aliyepigwa picha akiwa na kiko kirefu cha gunzi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwandishi Mark Twain naye alijulikana kwa kukipenda. Katika vibonzo, baharia Popeye huchorwa akiwa nacho mdomoni.

## Kiko cha braya

*Erica arborea* ni mti mdogo wenye maua meupe, unaoota kwa wingi kuzunguka bahari ya Mediteranea: Italia, Ugiriki, Hispania, kisiwa cha Korsika, Algeria na Moroko. Kati ya shina na mizizi yake huota fundo gumu la mviringo, ambalo huhifadhi maji na kuusaidia mti kuchipua tena baada ya moto wa nyikani. Fundo hilo ndilo braya.

Mti huo upo pia Afrika Mashariki. Huota katika ukanda wa vichaka vilivyo juu ya misitu ya milima mirefu, ukiwemo Kilimanjaro, pamoja na ndugu zake wa jenasi *Erica*. Hata hivyo biashara ya braya haikujengwa huku, na sehemu kubwa ya ukanda huo wa Kilimanjaro imo ndani ya hifadhi ya taifa, ambamo kukata miti kumekatazwa.

Utengenezaji wa viko vya braya ulianza kushika kasi katikati ya karne ya 19 katika mji wa Saint-Claude, milima ya Jura nchini Ufaransa, ambako mafundi walikuwa tayari wanakereza vitu vidogo vya mbao. Kutoka hapo ulienea Uingereza, Ireland, Italia na Denmark. Alfred Dunhill alifungua duka lake la tumbaku mjini London mwaka 1907, na viko vyake vikawa mfano wa bidhaa ya hadhi.

### Utengenezaji

Fundo linalofaa huwa limekua kwa miongo kadhaa. Likichimbwa huwekwa penye unyevu lisipasuke, hukatwa vipande, kisha huchemshwa kwa saa nyingi ili utomvu na tanini vitoke. Baada ya hapo vipande hukaushwa polepole kwa miezi au miaka. Kipande chenye ufa au shimo huwekwa daraja la chini au hutupwa. Kinachobaki hutobolewa, huchongwa, husuguliwa na kufungwa shilamu ya ebonaiti au akriliki.

Sifa inayoitofautisha braya na mbao nyingine ni ustahimilivu wake wa joto. Ni ngumu, ina chembe za silika, na haishiki moto kwa urahisi ingawa tumbaku inaungua ndani yake mara kwa mara.

## Gunzi au braya: sababu za upendeleo

Jedwali hili linaonyesha tofauti zinazotajwa mara nyingi.

| Jambo | Kiko cha gunzi | Kiko cha braya |
|---|---|---|
| Bei | Ndogo | Ya kati hadi kubwa sana |
| Uzito | Chepesi | Kizito zaidi |
| Umri | Miezi hadi miaka michache | Miongo, kikitunzwa |
| Unyevu | Hufyonzwa upesi na gunzi | Hufyonzwa kidogo. Kiko huhitaji kupumzishwa |
| Ladha ya mwanzo | Utamu mdogo wa gunzi | Ladha ya mti hadi ukoko ujengeke |
| Kuzoeshwa | Hakihitaji sana | Huhitaji uvutaji wa taratibu mwanzoni |
| Harufu inayobaki | Kidogo; kiko hubadilishwa kwa urahisi | Hudumu muda mrefu |

### Ladha na unyevu

Tumbaku inapoungua hutoa mvuke wa maji. Mvuke huo hupoa ndani ya mrija na kuwa matone, na mvutaji husikia kiko kikigugumia. Gunzi lina vijitundu vingi, kwa hiyo hufyonza unyevu huo na moshi hubaki mkavu. Hii ndiyo hoja kuu ya wanaolipenda. Braya hufyonza pia, lakini polepole. Mwenye kiko cha braya hushauriwa kukipumzisha siku moja au zaidi baada ya kukitumia, na kwa sababu hiyo wengi humiliki viko kadhaa na kuvizungusha.

Kwa upande mwingine, gunzi huongeza ladha yake yenyewe, hasa katika pumzi za kwanza. Wapo wanaoifurahia, zaidi wakitumia tumbaku ya barli iliyokaushwa kwa hewa. Wapo wanaoona inafunika ladha ya tumbaku. Hao huchagua braya, ambayo baada ya kuzoeshwa haiongezi ladha inayoonekana.

### Ukoko

Ndani ya bori la braya hujengeka tabaka jeusi la kaboni, mfano wa ukoko wa wali chini ya sufuria. Ukoko huo hulinda mti usiungue na hufanya joto lisambae sawasawa. Ukizidi unene wa takriban milimita moja na nusu hukwanguliwa, kwa kuwa hutanuka kwa joto na unaweza kupasua bori. Katika kiko cha gunzi ukoko haupewi uzito huo. Tabaka jembamba linatosha, na kukwangua kwa nguvu huharibu gunzi lenyewe.

### Bei, kazi na hadhi

Kiko cha gunzi hununuliwa kwa dola chache nchini Marekani. Kikianguka majini au kupasuka hasara ni ndogo. Kwa hiyo kilipendwa na wakulima, wavuvi na wafanyakazi wa nje, na hata leo wanaoanza kuvuta kiko hupewa cha gunzi kwanza. Wavutaji wazoefu nao hukitumia kujaribia tumbaku mpya, hasa yenye manukato, ili harufu yake isibaki katika viko vyao vya braya.

Kiko cha braya kilijengewa sura nyingine: ofisi, maktaba na mkutano. Waziri Mkuu wa Uingereza Harold Wilson alikuwa nacho karibu kila mara mbele ya kamera, ingawa faraghani alipenda sigara kubwa. Mwanafizikia Albert Einstein pia alijulikana kwa kiko chake, na kimoja kimehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington, D.C. Katika makoloni ya Afrika Mashariki kiko cha mti kilihusishwa na maofisa na walowezi, wakati kiko cha maji kilihusishwa na wazee wa wenyeji. Chombo kilionyesha nafasi ya mtu kabla hajasema neno.

Hivyo upendeleo wa kiko hautokani na ulimi peke yake. Hutokana pia na kipato, kazi, muda alionao mtu wa kusafisha chombo, na picha anayotaka kuonekana nayo.

## Viko vya Afrika Mashariki

### Kiko cha maji

Kwa wakazi wengi wa pwani na bara, kiko maana yake ilikuwa chombo cha maji. Moshi ulitoka kwenye bori, ukashuka kwa digali hadi ndani ya maji, kisha ukavutwa kwa shilamu. Pwani, penye minazi, kifuu kilikuwa chombo cha kawaida cha maji. Bara kilitumika kibuyu. Mfano wa karibu ambao umedumu ni wa Watonga wa bonde la Zambezi, nchini Zambia na Zimbabwe, ambako wanawake wazee wanajulikana kwa viko vyao virefu vya kibuyu.

Chombo hiki kinaonyesha kanuni ileile ya upendeleo: kila mahali hutumia malighafi iliyopo karibu. Penye nazi hutumika kifuu, penye mibuyu-tambazi hutumika kibuyu, na penye mahindi mengi kama Missouri hutumika gunzi.

### Mirishamu ya Sinya

Mirishamu ni madini laini meupe ambayo kitaalamu huitwa sepioliti, silikati ya magnesi yenye maji. Jina lake linatokana na Kijerumani na maana yake ni "povu la bahari", kwa sababu vipande vikavu ni vyepesi kiasi cha kuweza kuelea. Chanzo chake mashuhuri ni Eskişehir nchini Uturuki.

Madini hayo yapo pia katika bonde la Amboseli, kwenye mpaka wa Tanzania na Kenya. Upande wa Tanzania yalichimbwa Sinya, eneo ambalo sasa limo katika Wilaya ya Longido, Mkoa wa Arusha. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Tanganyika Meerschaum ilianza kutengeneza viko mjini Arusha. Baadhi viliuzwa nchi za nje kwa jina la "Kiko", vikiwa na alama ya tembo, na kwa njia hiyo neno la Kiswahili likaingia katika orodha za wauzaji wa Ulaya na Marekani.

Mirishamu ya Amboseli mara nyingi ni ngumu na nzito kidogo kuliko ya Uturuki. Viko vingi vya Arusha vilifunikwa kwa ngozi. Vingine vilikuwa na bori la braya kwa nje na tabaka la mirishamu kwa ndani. Muundo huo ulijaribu kumaliza ubishi wa malighafi: uimara wa mti pamoja na ufyonzaji wa jiwe.

### Mahindi ya Rufiji na mpingo

Katika bonde la Mto Rufiji, ikiwemo Utete, makao makuu ya Wilaya ya Rufiji, mahindi ni zao la chakula la tangu zamani. Pamoja na kilimo cha mvua, wakulima hupanda mahindi katika udongo wenye unyevu maji ya mafuriko yanapopungua, kilimo kinachoitwa mlau. Baada ya kupukuchua, gunzi halipotei bure. Huwa kuni ya kuchochea moto na kizibo cha kibuyu au chupa.

Kwa hiyo malighafi ambayo mjini Washington, Missouri, ililisha kiwanda kwa zaidi ya miaka 150, Utete huishia jikoni. Tofauti haiko katika mahindi peke yake. Iko katika mbegu yenye gunzi nene, maghala ya kukaushia kwa miaka miwili, mashine ya kukereza na soko la karibu la wavutaji. Mfano huu hutumika vizuri darasani kueleza jinsi mabaki ya shambani yanavyogeuka bidhaa pale kazi na mtaji vinapoongezwa.

Misitu ya Rufiji, Kilwa na Lindi ina pia mpingo (*Dalbergia melanoxylon*), mti unaojulikana duniani kwa zumari na klarineti na kwa vinyago vya Wamakonde. Umewahi kuchongwa viko, lakini si mshindani wa braya. Ni mzito, una mafuta ya asili, haufyonzi unyevu, na huweza kupasuka ukipashwa joto mara kwa mara. Ubora wa mti kwa kazi moja si ubora kwa kila kazi.

## Tumbaku ya kiko

Tumbaku ya kiko hukatwa kwa upana zaidi kuliko ya sigara na huachwa na unyevu ili iungue polepole. Hutofautishwa kwa namna majani yalivyokaushwa. Tanzania hulima hasa tumbaku ya mvuke, aina ya Virginia, katika mikoa ya magharibi kama Tabora, ambako Urambo ikawa kitovu kimojawapo baada ya mradi wa karanga wa Waingereza kushindwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Tumbaku ya moshi, inayokaushwa juu ya moto wa kuni, hulimwa zaidi Ruvuma. Barli hukaushwa kwa hewa kivulini. Sehemu kubwa ya zao hilo huuzwa nje, na viwanda vya sigara ndivyo wateja wakuu.

## Athari kwa afya

Zipo imani tatu zinazorudiwa mara nyingi: kwamba kiko ni salama kwa sababu moshi hauvutwi hadi mapafuni, kwamba gunzi huchuja sumu, na kwamba maji ya kiko huosha moshi. Zote tatu si sahihi.

* Moshi wa mdomoni. Tumbaku nyingi za kiko hutoa moshi wenye asili ya alkali, na nikotini yake hupenya moja kwa moja kupitia ngozi laini ya kinywa. Mvutaji hujenga uraibu hata asipomeza moshi. Kinywa, midomo, koo, zoloto na umio ndivyo vinavyoguswa zaidi, na saratani za viungo hivyo zimehusishwa wazi na uvutaji wa kiko. Saratani ya mapafu na magonjwa ya moyo nayo huongezeka ikilinganishwa na wasiovuta.
* Gunzi na braya. Gunzi hufyonza maji na sehemu ya lami, ndiyo maana moshi wake huonekana mkavu. Kaboni monoksidi na kemikali nyingi zinazosababisha saratani hupita. Moshi laini ulimini si moshi usio na sumu.
* Maji. Maji hupoza moshi na kuulainisha. Kwa hiyo mvutaji huweza kuvuta mwingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Hoja hii inahusu kiko cha kifuu cha zamani kama inavyohusu shisha ya leo.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeuweka uvutaji wa tumbaku katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Halikutenga aina yoyote ya chombo kuwa salama. Walio karibu na mvutaji, hasa watoto ndani ya nyumba, huvuta moshi huo pia.

Wakati mwingine mvutaji huhama kutoka sigara kwenda kiko akiamini amepunguza hatari. Anayezoea kumeza moshi wa sigara kwa kawaida huendelea kuumeza wa kiko, na faida anayoitarajia hupotea. Kuacha ndiyo njia pekee inayojulikana ya kupunguza hatari kwa uhakika, na faida yake huanza kuonekana hata kwa mtu aliyevuta miaka mingi.

## Sheria

Nchini Tanzania bidhaa za tumbaku, ikiwemo tumbaku ya kiko, zinasimamiwa na Sheria ya Bidhaa za Tumbaku (Udhibiti) ya mwaka 2003. Sheria hiyo inakataza kuwauzia walio chini ya miaka 18 na inawekea mipaka uvutaji katika maeneo ya umma. Mwaka 2007 Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku.

Shisha, ambayo kimuundo ni ndugu wa kiko cha maji, imewekewa masharti makali zaidi katika ukanda huu. Uganda iliipiga marufuku kwa sheria yake ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015. Serikali ya Tanzania ilitangaza kuipiga marufuku mwaka 2016, na Kenya na Rwanda zilifuata Desemba 2017. Sababu kubwa iliyotajwa ilikuwa kuenea kwake kwa vijana, wengi wao wakiamini kwamba maji yanawakinga.

## Tazama pia

* Tumbaku
* Ugoro
* Shisha
* Mahindi
* Mpingo
* Wilaya ya Rufiji